Silaha Isiyoonekana

Jambia huvaliwa mbele, kiunoni, kila mtu aione. Kisu cha akiba, kilichobuniwa kwa ajili ya askari aliyenyang'anywa bunduki, na ambacho mchimbaji mdogo wa Geita mwenye punje za dhahabu mfukoni angetamani kuwa nacho, hufichwa mpaka kichomolewe. Je, tofauti hiyo ni ya umbo tu?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi Shinyanga, wanavijiji waliunda Sungusungu. Walibeba pinde na mishale waziwazi, na yowe lilipopigwa walitoka wote. Sheria iliwatambua mwaka 1989. Hawakuwa malaika, kwani wako watuhumiwa waliofia mikononi mwao. Lakini upinde ule ulikuwa na mashahidi.

Katika nchi hiyo hiyo ya Wasukuma, vikongwe wameuawa usiku kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, wekundu ambao aghalabu ni wa moshi wa kinyesi cha ng'ombe wapikiacho. Aliyewakodi wauaji huenda aliamini kuwa anajilinda: mwanawe amefariki, na mchawi ni jirani. Hofu yake ilikuwa ya kweli, hatari haikuwapo. Sheria humruhusu mtu kujitetea kwa nguvu zinazolingana na hatari, lakini gizani, njiani kutoka machimboni, mpimaji ni mwenye kisu peke yake.

Sisemi mchimbaji atembee mikono mitupu, maana polisi wako mbali na wezi wako karibu. Ningependa tu wenzake wajue kwamba anacho.