Gesti ya Malindi na mgeni wa pesa chache

Ile gesti ya Malindi, hapa Mji Mkongwe, imefungwa. Redio haikusema, gazeti halikuandika. Kibao kimeshushwa, mlango umetiwa kufuli, na ukipita asubuhi unasikia mafundi wakibomoa viambaza vya ghorofa ya pili ili vyumba vitatu viwe kimoja. Ikifunguliwa tena itakuwa na jina jengine, bafu ndani ya kila chumba, na bei ya dola ambayo waliokuwa wakilala pale hawataiuliza mara mbili. Jina la zamani silitaji. Warithi wake tunajuana, na hawakufanya kosa la kuanikwa gazetini.

Nilikaa mapokezi pale nilipokuwa kijana, miaka ya 1990, Unguja ilipoanza kuionja pesa ya utalii. Mapokezi yenyewe ni meza moja, daftari refu la mistari na ubao wa misumari ya kutundikia funguo, kila ufunguo na kipande chake cha mti ili mgeni asiutie mfukoni akaondoka nao. Daftari lilitaka jina, taifa, nambari ya pasipoti, atokako na aendako, maana watu wa Uhamiaji wakipita kulikagua. Boti ya Dar es Salaam ikifunga gati, muda si mrefu papasi, wale wanaowasaka wageni bandarini, wameshafika mlangoni, kila mmoja na wazungu wake wawili watatu waliolowa jasho. Papasi ana kamisheni yake, na kamisheni hiyo aliilipa mgeni mwenyewe bila ya kujua, kwa kuwa aliyekuja peke yake alitajiwa bei ya chini. Bei haikuandikwa popote. Ilisomwa kwenye viatu.

Sisemi ilikuwa pepo. Maji hayakupanda ghorofa ya pili, kwa hivyo zilipanda ndoo, na waliozipandisha ni sisi. Pangaboi lililia usiku kucha. Kunguni walifukuzwa kwa mafuta ya taa, wakakaa mbali kwa muda, wakarudi. Choo kilikuwa kimoja kwa ukumbi mzima, na asubuhi foleni yake ilikuwa na mataifa manne yamefunga taulo. Atakayekwambia kwamba vyumba vile vilikuwa bora kuliko vya sasa, ujue hakuvilala.

Lakini lile daftari nalikumbuka. Watu wakisikia gesti ya Mji Mkongwe hudhani ni ya kijana wa Kizungu mwenye mkoba mgongoni na kitabu cha kuongozea watalii mkononi. Wapo, na walitulipa vizuri. Ila kurasa nyingi zilikuwa za wengine kabisa: mwalimu wa Chake Chake aliyekuja kufuatilia mshahara wake wizarani na karani akamwambia arudi kesho, mfanyabiashara wa Wete anayesubiri mzigo wake utoke bandarini, mchuuzi wa vinyago kutoka bara, baharia wa jahazi aliyechoka kulala juu ya magunia. Na walikuwapo kina mama wa Pemba waliowaleta wagonjwa wao Hospitali ya Mnazi Mmoja, ile ambayo wazee wetu baada ya Mapinduzi waliijua kwa jina la V. I. Lenin. Mgonjwa amelazwa, mama amekaa naye kutwa, usiku anaambiwa atoke. Atakwenda wapi?

Hapa kuna jambo ambalo sisi wenyewe hatupendi kulisema. Kwetu Unguja, mtu kulala gesti ni aibu kidogo. Ataulizwa: kwani huna jamaa? Mgeni ni wa nyumbani, hupikiwa, hutandikiwa, na hata ile methali ya kumpa jembe siku ya tatu tunaitaja kwa kicheko tu, hakuna anayelitoa jembe lenyewe. Basi yule mama wa Pemba ana binamu Michenzani, na binamu angempokea kwa mikono miwili. Lakini binamu anakaa katika fleti ya mumewe, watoto wamekua, wa kike chumba hiki na wa kiume sebuleni, na mkwe naye mgonjwa. Mama anaijua hali hiyo kabla hajapanda boti. Ugonjwa wa mtoto hauna tarehe ya kwisha. Kwa hivyo anakwenda kwa binamu mchana, anakula, anaswali, anashukuru, na magharibi anaaga kwamba anarudi hospitali. Kumbe anakuja kwetu. Analipa shilingi zake chache, analala kitandani kwake, na udugu unabaki salama. Gesti ile ilikuwa sitara ya watu wa namna hiyo, na sitara haionekani mpaka iondolewe.

Niliwahi kumsikia mwenye gesti, marehemu sasa, akimwambia mmoja wao: "Mwanangu, lala. Hesabu tutafanya mtoto akitoka." Hesabu hiyo mara nyengine haikufanywa.

Sasa kwa nini imefungwa? Mtu atasema tamaa. Mimi nasema kwanza ni nyumba. Nyumba ya Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Upana wa chumba umeamuliwa na urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, takriban mita tatu kutoka ukuta hadi ukuta. Adui wa nyumba hii ni maji. Paa likivuja masika moja bila kuzibwa, maji huteremka ndani ya ukuta, chokaa hulainika, ncha za boriti zilizozikwa ukutani huoza, na dari huanza kubonyea kama machela. Kuiponya kunataka chokaa iliyolowekwa vya kutosha, boriti mpya na fundi anayejua. Sementi ni haraka na rahisi, lakini inafungia unyevu ndani na ukuta unakufa taratibu. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lile lilikuwa linatazamwa na dunia nzima, limo katika mji uliotiwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Gesti ya Malindi ilitazamwa na mwenyewe tu, na mfuko wake ulikuwa ni vitanda vya rahisi.

Kitanda cha rahisi hakinunui boriti. Kinalipa chai, sabuni, umeme na mshahara wa watu watatu, basi. Na umeme wenyewe tunaujua. Mwaka 2008 waya wa baharini kutoka bara uliharibika, Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ukaharibika tena, tukakaa miezi mitatu. Hoteli kubwa ziliwasha majenereta, wageni wao hawakukosa hata barafu. Gesti zetu ziliwasha vibatari. Wengi wa wenye gesti waliokopa wakati ule kununua jenereta dogo la mafuta hawakusimama tena vizuri. Ukaja mwaka 2020 na korona yake, ndege zikasita, na kilichokuwa kimebaki kikaliwa.

Kisha ni mirathi. Mzee alipofariki, nyumba ilikuwa ya watoto, na watoto wako Muscat, Dubai, London na Ng'ambo ya hapa hapa. Kila mmoja ana fungu lake kwa sheria ya dini, na fungu la nyumba inayovuja halina faida ila likigeuzwa pesa. Mpangaji mwenye mtaji anakuja na kodi ya miaka kumi mkononi na ahadi ya kutengeneza paa kwa gharama yake. Nani atakataa? Ningekuwa mimi ningetia saini. Lawama za wapita njia, mimi nikiwamo, hazizibi paa.

Mji huu umeshayaona haya, na kwa sura kubwa zaidi. Pale Shangani kuna Africa House. Kabla ya Mapinduzi ilikuwa English Club, klabu ya Waingereza iliyoanzishwa mwaka 1888. Mzanzibari aliingia mle akiwa amebeba sinia. Baada ya 1964 Serikali ikaichukua, ikaipa jina la Africa House, ikaifanya hoteli. Hapo ndipo mambo yalipogeuka kwa namna ambayo haisimuliwi vya kutosha: kwa zaidi ya miaka thelathini, kibaraza bora kuliko vyote cha kutazamia jua likizama katika kisiwa hiki kilikuwa cha kila mtu. Vyumba vilichakaa, mabomba yalikauka, huduma ilikuwa ile ya hoteli za Serikali, unaagiza chai na unasahau kama uliagiza. Lakini karani, mtalii maskini, mvuvi aliyeuza vizuri na mwalimu wa skuli waliegemea ukuta ule ule wa magharibi, na aliyekuwa na pesa za soda moja alikaa na soda yake moja hadi giza likaingia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikatengenezwa na mwekezaji na kuwa hoteli ya kisasa. Imetengenezwa vizuri, mbao zinang'aa, picha za kale zimetundikwa ukutani, na lau isingetengenezwa leo tungekuwa na gofu. Hata kibaraza bado kinapokea mtu wa nje. Lakini hesabu ya soda imebadilika, na mwalimu wa skuli hapandi tena zile ngazi. Hakuna anayemzuia. Zamani ilikuwa rangi, sasa ni karatasi ya bei, na karatasi ya bei haina haja ya bawabu. Ukifuata ufukwe huo huo wa Shangani utaona Serena iliyofunguliwa 1997 katika jengo la zamani la simu, na Mambo Msiige lililofunguliwa 2015 likiwa Park Hyatt. Majumba yamepona. Tatizo langu ni kwamba tumejifunza njia moja tu ya kuponya nyumba, nayo ni kumtoa mtu wa pesa chache kwanza.

Rafiki yangu mmoja wa sekta ya utalii ananicheka. Anasema kisiwa ni kidogo, maji ya kunywa hayatoshi, taka hazina pa kutupwa. Heri wageni wachache wa dola nyingi kuliko wengi wa dola chache. Hoja ina uzito. Lakini wachache wako wapi? Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya laki saba, idadi ambayo hadi wakati huo ilikuwa haijawahi kuonekana. Wengi hushukia uwanja wa ndege na kupakiwa moja kwa moja hadi Nungwi, Kendwa au Paje, Mji Mkongwe wakauona kwa ziara ya nusu siku. Tangu Oktoba 2024 wageni wa kigeni wanatakiwa kukata bima kabla ya kuingia, dola 44 kwa mtu mzima. Kwa anayelala katika chumba cha dola mia nne hiyo ni pesa ya chakula cha mchana. Kwa kijana wa gesti ya Malindi ilikuwa ni malazi ya siku tatu. Sera haikusema kwamba hatumtaki, ila hesabu imesema.

Na yule kijana, kwa taarifa ya rafiki yangu, pesa yake kidogo ilizunguka kwa miguu. Chai alikunywa kwa muuza chai wa pembeni, nguo alimpa dobi wa mtaa, urojo alikula Forodhani, sabuni akanunua dukani kwa Mhindi, akapanda daladala. Wa hoteli kubwa anapata vyote hivyo ndani ya ukuta mmoja. Lakini hata hili niliache, kwa sababu kumzungumza mtalii peke yake ndiko kulikotupoteza. Yule mama wa Pemba si mtalii. Hayumo katika takwimu za Kamisheni ya Utalii, halipi kwa dola, na hakuna mwekezaji atakayemjengea.

Wazee wetu waliliona hilo bila ya mpango mkuu wala semina. Walitoa wakfu: nyumba kwa ajili ya msikiti, duka kwa ajili ya mafukara, kisima kwa ajili ya mpita njia. Mji Mkongwe umejaa nyumba za wakfu hadi leo, nyingi kodi zake ni ndogo na hali zake ni mbaya, zinasubiri kuanguka au kukodishwa kwa mwenye mtaji. Msafiri aliyekatikiwa na njia ni miongoni mwa aina nane za watu waliotajwa katika Qur'ani kuwa wanastahiki zaka. Sidhani kama kuna haja ya kutafuta fatwa juu ya kitanda.

Naiomba Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, pamoja na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, zitenge nyumba moja kati ya zilizo chini ya mikono yao, iwe karibu na bandari au njia ya Mnazi Mmoja. Ikarabatiwe kwa chokaa, iwe na vyumba kumi, ukumbi wa wanawake peke yao, na bei ya shilingi. Na wewe msomaji mwenye nyumba ya mirathi mjini, kabla hujatia saini mkataba wa miaka kumi, kaa na ndugu zako mmuulize mpangaji kama vyumba viwili vya chini vinaweza kubaki kwa ajili ya watu wa Pemba wenye wagonjwa. Akikataa, hamkupoteza kitu kwa kuuliza.