Uso Uliotengenezwa Upya



Katika ushirika wetu wa Samail kumekuja swali ambalo tumeona tusiliache lipite. Dada yetu mmoja, mfanyakazi wa nyumbani, alimwagikiwa na mafuta ya moto jikoni yakamuunguza shavu, shingo na mkono. Alitibiwa, akapandikizwa ngozi, akapona na kurudi kazini. Sasa daktari amemwambia kuwa shingo inaweza kufanyiwa upasuaji mwingine, kwa sababu kovu linaivuta. Baadhi yetu tukasema tuchange. Wengine wakauliza kwa nia njema: Mungu amekwisha kumwokoa na mauti, je, kutafuta tena uso mzuri si kujipamba tu? Si afadhali ashukuru na kutulia?

Tuanze kwa kuelewa kazi yenyewe ni ipi. Ngozi iliyoungua kwa kina haioti tena yenyewe. Mahali pake huzibwa na kovu, na kovu lina tabia ya kujivuta. Likiwa shingoni, kidevu huinamia kifuani. Likiwa kwenye kope, jicho halifungiki na hukauka. Likiwa mkononi, vidole hukunjamana visiweze kushika kikombe. Ndiyo maana daktari huchukua tabaka jembamba la ngozi nzima, mara nyingi la pajani, akalitandaza juu ya kidonda kilichosafishwa. Siku za kwanza ngozi hiyo huishi kwa majimaji ya kidonda, hadi mishipa midogo ya damu iungane nayo. Pale pajani hupona penyewe kwa muda wa wiki mbili hivi. Palipo na mfupa au kano iliyo wazi, ngozi nyembamba haitoshi. Hapo huhamishwa kipande kinene, pamoja na mafuta na mishipa yake ya damu. Na kovu linalokaza huweza kukatwa kwa umbo la herufi Z, pembe zake zikabadilishana nafasi, ngozi ikapata urefu. Baada ya hapo kuna mazoezi na vazi la kubana kwa miezi mingi, na kovu huchukua mwaka au zaidi kutulia.

Kwa hiyo dada yetu anayetaka kuinua kichwa haombi mapambo. Tumkumbuke yule mtu wa sinagogi mwenye mkono uliopooza. Hakuwa mahututi, angeweza kungoja hadi kesho yake. Bwana hakungoja. Tumkumbuke na Malko, mtumishi katika nyumba ya mtu mwingine kama wengi wetu hapa, aliyekatwa sikio usiku wa Gethsemane. Mtu haishi kwa sikio. Hata hivyo, Yesu akiwa anakamatwa, alinyosha mkono akaliponya. Uponyaji wa mwisho tunaosimuliwa kabla ya msalaba ulikuwa wa kiungo ambacho mtu angeweza kuishi bila hicho.

Mwingine atasema: shingo tumekubali, lakini shavu je? Shavu halimzuii kufanya kazi. Nasi tunajibu kwamba uso ni mlango ambao watu hupigia hodi. Mtu anayetaka asalimiwe bila mwenzake kushtuka hatafuti sifa. Anatafuta kile ambacho sisi wengine tunakipata kila asubuhi bila kukiomba.

Lakini tuseme kweli pia juu ya matokeo. Ngozi iliyopandikizwa haifanani na ya mwanzo. Rangi hutofautiana, mipaka huonekana, na kwa watu wa ngozi nyeusi kama sisi kovu huwa jepesi kuvimba na kuwa keloidi. Upasuaji mzuri hurudisha kazi ya kiungo na hupunguza alama, lakini uso wa zamani haurudi. Anayemwahidi mgonjwa hivyo anamdanganya. Basi ile sehemu isiyoweza kufanywa na kisu hufanywa na nani?

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, daktari Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, aliwatibu marubani walioungua nyuso na mikono katika mji mdogo wa East Grinstead, Uingereza. Aliona kwamba walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu, akaanza kuwaogesha majeruhi kwa maji ya chumvi. Wengine walipitia upasuaji mara kumi, ishirini na zaidi. Mwaka 1941 wakaunda chama chao, Guinea Pig Club, jina la mnyama wa majaribio, maana walijua wanajaribiwa. Hadi vita kwisha walikuwa 649.

Jambo tunalotaka mlishike ni lile alilolifanya nje ya chumba cha upasuaji. Aliwaruhusu wavae sare zao wenyewe badala ya nguo za wagonjwa. Aliwaomba wenyeji wa mji wawaalike majumbani, waongee nao, wawatazame usoni kama wanavyomtazama mtu yeyote. Wenyeji wakakubali, na mji ukapata sifa ya kuwa mji usiokodoa macho. McIndoe alifahamu kwamba mshono wake ungekuwa bure kama mgonjwa angebaki amejificha.

Habari hii inatuhusu kuliko tunavyodhani. Michael Wood, daktari aliyejifunza kwa McIndoe, alifanya kazi Afrika Mashariki, na mwaka 1957 yeye, McIndoe na Mmarekani Tom Rees walianzisha shirika tunalolijua leo kama AMREF. Wote watatu walikuwa mabingwa wa upasuaji huu huu. Ndege za madaktari ambazo wazee wetu waliziona zikitua vijijini zilitokana na watu waliojua thamani ya uso wa binadamu.

Hapa Oman, kazi ya kisu ina mahali pake: Hospitali ya Khoula mjini Muscat hupokea walioungua vibaya kutoka mikoani. Ile nyingine ni yetu. Tuchange, ndiyo, lakini tusizungushe picha za dada yetu kwenye simu ili watu waguswe watoe. Bwana alipofufuka, makovu yake yalibaki, naye mwenyewe aliyaonyesha kwa wanafunzi na kwa Tomaso. Hakuna aliyeyaonyesha kwa niaba yake. Mwenye kovu ndiye mwenye ruhusa.

Siku akija ibadani, tusimpe pole kila wiki kama mfiwa. Tumpe zamu ya kusoma Neno, tumpe kitabu cha nyimbo, tumpe mtoto amshike. Watoto wakiuliza mbele yake, tusiwafinye wanyamaze. Tuwajibu kwa sauti ya kawaida kwamba shangazi aliungua na sasa amepona, kisha wamwamkie. Na kama ataamua kutofanyiwa upasuaji tena, kwa kuchoka au kwa woga, tusimhukumu. Shingo ni yake, na uamuzi ni wake.

Kwa wale waliouliza kuhusu shukrani: mtu anaweza kumshukuru Mungu kwa uhai na bado akaomba kuinua kichwa. Anayeinua kichwa huona pia walio mbele yake. Sisi tuwe tayari kutazamana naye.

Mchango upokelewe na mweka hazina wa ushirika, bila kutangaza majina ya watoaji. Bwana awabariki.