Ukali Ule Ulikuwa wa Nani?

Chini ya ubongo, nyuma ya pua, iko tezi ndogo kama punje ya njegere, imekaa katika kishimo cha mfupa ambacho wataalamu wa kale walikiita tandiko la Kituruki. Jina lake ni pituitari. Ni ndogo, walakini amri zake hufika mwili mzima: kimo, uzazi, maziwa ya mama, unene, na hata tabia. Neno hili la mwisho ndilo linitialo shaka, nami nataka kulipima hapa.

Msata, penye njia panda ya Bagamoyo, Chalinze na Segera, tulikuwa na jirani muuza mananasi ya Kiwangwa. Alikuwa mpole hata mteja alipompunja. Kisha, katika muda wa miaka miwili, akabadilika. Uso ulivimba ukawa mviringo, tumbo likatuna, mikono na miguu ikakonda. Akawa mkali: alimtukana mumewe mbele ya watu, akamfukuza mavyaa yake nyumbani. Kijiji kikatoa hukumu. Wengine walisema ana mimba isiyo ya mumewe. Wengine, kwamba ametupiwa kitu. Na waliojiona wenye busara, nami nikiwa mmoja wao, tulisema fedha zimemlevya.

Maradhi hayo yana jina. Harvey Cushing, mpasuaji wa Marekani, aliyaeleza mwaka 1932. Uvimbe mdogo katika pituitari huziamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga homoni ya kotisoli kupita kiasi, na mtu hunenepa, huvunjika moyo, huwa mwepesi wa hasira. Tiba iliyo mbele ni kuuondoa uvimbe, na mlango wa kuuendea ni pua. Mpasuaji hupitisha humo kamera nyembamba na vyombo vyake, hutoboa mfupa wa sfenoidi, huukwangua uvimbe bila kulipasua fuvu. Njia hii si changa. Hermann Schloffer aliitumia mjini Innsbruck mwaka 1907. Cushing mwenyewe aliifuata miaka mingi, kisha akaiacha; Norman Dott wa Edinburgh, aliyejifunza kwake, hakuiacha (nami hufurahi kila nionapo mwanafunzi aliyekataa kuacha kwa sababu tu mwalimu ameacha), na kutoka kwake ikafika Ufaransa na Kanada. Siku hizi hufanywa hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Jirani yetu alipasuliwa Dar es Salaam.

Baada ya miezi uso wake ulirejea, na upole ukarejea pia. Basi ukali ule ulikuwa wa nani? Tukisema wa uvimbe, tumemwondolea lawama. Lakini upole wake tutaufanyaje? Nao hutegemea tezi ile ile ikiwa nzima. Asiyelaumiwa kwa ukali wa tezi hastahili sifa kwa upole wa tezi, na hapo mtu mwenyewe hutoweka, tukabaki na punje ya njegere. Hilo silikubali. Tezi yaweza kulifanya neno la upole liwe zito kulitamka, haituchagulii neno. Walakini nisemapo hivyo namtwika mgonjwa mzigo ambao mimi, mzima, sijaubeba hata siku moja.

Nilimwendea kumtaka radhi, nikaanza hivi: "Dada, hukuwa wewe, yalikuwa maradhi."

Akanikatiza. "Mwalimu, maradhi hayakumjua mavyaa yangu. Mimi nilimjua, nikajua pa kumchoma."

Alikuwa amekwisha kwenda kwa mama yule kupiga magoti. Cheti cha hospitali kilikuwa mkobani, hakukitoa.

Sisi tuliomsema hatukuwa na uvimbe wowote. Katika wote waliokaa nami barazani siku zile, sijasikia mwingine aliyekwenda kwake. Nami nilikwenda nikimpelekea udhuru wake, wangu sikuwa nao.