Deni kwa Samaki Mdogo

Katika vijiji vya Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria, kichocho cha matumbo ni ugonjwa wa kazi za kila siku. Mvuvi huupata akisukuma mtumbwi, mama akifua, na mtoto akiogelea. Konokono wa majini hutoa vijidudu vipenyavyo ngozi. Vijidudu hukua kuwa minyoo, na minyoo hutaga mayai. Mayai yasiyopata njia ya kutoka hunasa katika ini. Hapo kinga ya asili, yaani ulinzi ambao mtu huzaliwa nao, huyazingira kwa uvimbe, na uvimbe huo ukirudiwa miaka mingi hulifanya ini kuwa gumu. Mlinzi ndiye abomoaye nyumba.

Vita hivyo ni vigumu kuvitazama ndani ya mtu aliye hai. Kwa hiyo wataalamu humtumia samaki mdogo mwenye milia, asili yake Asia ya Kusini, aitwaye samaki pundamilia. Mwili wa kitoto chake hupenywa na nuru kama kioo, na katika siku zake za kwanza hutegemea kinga ya asili peke yake. Mwaka 2021 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walieleza kwamba waliingiza mayai ya kichocho katika vitoto hivyo, wakaona kwa hadubini kwamba yai pevu huamsha uvimbe, lakini yai changa haliuamshi.

Je, ni haki kumtia maradhi kiumbe asiye na kosa ili mwingine apone? Wako wasemao kwamba samaki ni samaki tu. Hata dagaa wa ziwani, jamaa yake wa mbali, huanikwa juani kila siku wala hapana amliliaye. Hoja hiyo haitoshi. Mvuvi anajua dagaa wake watamshibisha nani. Mwenye sindano hana budi kujua vilevile. Sheria za Ulaya humlinda samaki wa maabara tangu aanzapo kujilisha mwenyewe. Lakini mpaka wa sheria si mpaka wa dhamiri.

Uhalali wa jaribio, basi, haupimwi kwa udogo wa kiumbe, bali kwa ukubwa wa haja, uchache wa maumivu na uaminifu wa matumizi. Haja ipo: dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini haimkingi mtu arudipo majini. Na elimu ipatikanayo kwa uhai wa asiyeweza kukubali wala kukataa ni amana. Ikibaki katika vitabu vya mbali, na mtoto wa ufukweni akaendelea kuvimba tumbo, samaki yule ameonewa.