Nyanya Zilizouzwa Kabla ya Kupandwa

Ukitoka Morogoro kwenda Iringa, ukishamaliza kupanda Kitonga, unaingia Ilula, wilaya ya Kilolo. Hapo huhitaji kuuliza watu wanalima nini. Msimu ukikolea, matenga ya nyanya hupangwa kando ya lami yakisubiri malori ya Dar es Salaam. Familia ya kisa hiki siipi jina, maana nyumba ya namna yake haikosekani katika kijiji chochote cha ukanda ule.

Walikuwa na shamba dogo na kinyungu bondeni. Kinyungu kilikuwa cha mama: matuta ya mchicha, chainizi, karoti, vitunguu, na mistari michache ya nyanya. Kila siku ya gulio alishuka na beseni kichwani. Mama lishe wawili walimjua, na muuza chipsi alimwekea oda ya nyanya na vitunguu vya kachumbari. Fedha yenyewe ilikuwa ya sabuni, madaftari na mbegu za msimu unaofuata. Haikuwahi kuwa nyingi, na haikuwahi kukosekana.

Ukaja mwaka wa mvua kubwa. Ugonjwa wa bakajani ukafagia nyanya za wengi, bei ya tenga ikapaa, na ile mistari michache ya mama ikaleta fedha ambayo nyumba ile haikuwa imeizoea. Kijana wao akatoa simu akapiga hesabu: kama mistari hii imetoa hivi, shamba zima litatoa ngapi?

"Mama, haya mafungu ya mia tano mia tano yatatujenga lini?"

"Mwanangu, limeni nyanya zenu. Matuta yangu msiyaguse."

Baba akamuunga mkono kijana. Matuta yakaguswa.

Hesabu ya kijana ilikuwa sahihi, ila kila kijana wa bonde lile aliipiga wiki hiyohiyo. Tangu miche itoke kitaluni mpaka uanze kuchuma ni miezi miwili na nusu hadi mitatu. Bei nzuri unayoiona leo inamlipa aliyepanda wakati wengine wameogopa. Wewe unayeikimbilia utavuna pamoja na wenzako wote walioikimbilia.

Mtaji ulitoka kwa dalali. Alileta fedha ya mbegu chotara, mbolea na dawa, bila dhamana na bila karatasi, kwa sharti moja jepesi: nyanya zikiiva, apewe yeye. Ukilisikia njaa ikiwa mlangoni, sharti hilo ni kama hisani. Na simtukani dalali. Lori likiharibika njiani nyanya zinamuozea yeye. Lakini mtu aliyekukopesha mtaji, akakupimia mzigo, akakutajia na bei, huwezi tena kubishana naye.

Kisha akaingia kantangaze. Nondo huyu asili yake ni Amerika Kusini, na Tanzania alibainika mwaka 2014. Jike hutaga kwenye majani. Kiwavi akianguliwa huchimba ndani ya jani lenyewe, halafu ndani ya tunda, kwa hiyo dawa inayoishia juu ya jani haimgusi. Kijana alipulizia dawa. Alipoona hakifi kitu akaongeza kipimo, kisha akachanganya mbili, kisha akarudia kila baada ya siku chache. Wadudu waliopona waliendelea kuzaana, na deni likapanda. Walichohitaji ni kuanza mapema: kutega mitego ya harufu ya jike, kuchuma matunda yaliyotobolewa na kuyafukia mbali badala ya kuyatupa pembeni mwa shamba, na kutorudisha nyanya palepale, wala biringanya au viazi mviringo, ambavyo mdudu huyo huvila vilevile. Lakini nani ataacha kurudisha nyanya palepale, wakati shamba lote ni nyanya na dalali anasubiri?

Siku ya kuchuma baba alisimama akitazama matenga yakijazwa. Nyanya zilifika ukingoni, zikapita, zikapandishwa kilemba, kikafungwa kwa nyasi na kamba kisimwagike. Ndani ya tenga moja palikuwa na tenga na kitu juu, na lililolipwa ni tenga moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, na ujazo huo wa kupitiliza, yaani lumbesa, umepigwa marufuku. Mizani ndiyo haikuwapo pale shambani. Baba alijaribu kusema. Dalali akamjibu kwa upole kwamba Dar nyanya zimejaa, na kama mzee ana mteja mwingine, amrudishie tu fedha yake leo. Nyanya iliyoiva haingoji. Wakapakia.

Msimu ulipofungwa deni lilikuwa bado halijaisha, ila hilo lilizoeleka. Lililowauma zaidi lilikuwa gulioni. Mama alirudi na beseni lake akakuta mama lishe wana mtu wao mpya, na muuza chipsi hakutaka kumuudhi aliyemhudumia miezi yote ile. Miaka aliyotumia kuwazoea wateja wale haikuandikwa popote katika simu ya kijana. Zamani, dalali akitaja bei ya dharau, mama angeweza kumwambia arudi kesho, kwa kuwa fedha ya gulio ipo. Sasa hakuna wa kumwambia arudi kesho.

Wewe mwenye shamba dogo, dalali akikuletea fedha msimu huu, kabla hujainyoosha mikono muulize: nikipata mnunuzi mwingine mwenye bei nzuri, naruhusiwa kumuuzia nikurudishie chako? Akisema hapana, ujue hapo umeshauza. Basi patana naye bei siku hiyohiyo, kabla mche haujagusa udongo, mbele ya shahidi, na iwe kwa kilo.