Bei ni ya Anayeweza Kungoja

Hapa Bujumbura gari haizeeki kama mtu. Mtu akizeeka, kazini wanaanza kumtafutia wa kumrithi. Gari ikizeeka, bei inapanda. Pita Buyenzi kwenye magareji, uliza bei ya Toyota Carina Ti. Japani waliacha kuitengeneza mwaka 2001, lakini mwenyewe atakutajia faranga nyingi kuliko alizoinunulia miaka mitano iliyopita, na wala hacheki.

Sababu si siri. Gari inatoka Japani kwa meli hadi Dar es Salaam, inakuja kwa barabara, inalipiwa ushuru, na karibu safari yote inahesabiwa kwa dola. Faranga ikishuka, kila gari iliyo ndani ya nchi inapanda bei, hata ile iliyolala juu ya mawe bila matairi. Mwezi wa tano 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha faranga kutoka karibu 2,000 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola moja, na dola ya mtaani ilikuwa ghali kuliko hapo. Kwa hiyo mwenye Carina hakutajirika. Pesa ndiyo iliyokonda.

Vijana ninaofanya nao kazi wanapenda kuangalia kwenye simu zile gari za zamani za Marekani, zenye injini kubwa na ngurumo kama radi. Mwaka 1964 Ford walipotoa Mustang, bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 2,368. Gari ya kijana wa kawaida mwenye kazi. Kuna Mustang moja ya 1968 ambayo Steve McQueen aliiendesha kwenye filamu ya Bullitt. Mwaka 1974 familia moja iliinunua kwa dola 6,000, na mama wa nyumba hiyo alikuwa anaenda nayo kufundisha shule. Ilipopata ubovu wakaiweka. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliwaandikia barua, anaitaka. Hawakumpa. Januari 2020 ikauzwa mnadani Florida kwa dola milioni 3.4, bila kuhesabu ada.

Vijana wanaona bahati. Mimi naona kitu kingine: watu waliokuwa na nyumba, mshahara na mahali pa kufichia gari miaka zaidi ya 40. Walipoombwa kuuza, waliweza kusema hapana. Ile gari ilipata bei kwa sababu ya filamu, sawa, lakini wao waliipata ile bei kwa sababu waliweza kungoja.

Sasa tuje kwetu. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka, maelfu ya watu walivuka Ruzizi kuingia Burundi. Ninamfahamu baba mmoja aliyefika na Probox, mke na watoto wanne. Kule kwao ilikuwa mkate wa nyumba. Ndani ya siku chache aliiuza kwa karibu theluthi moja ya bei ya gari kama hiyo hapa mjini. Aliyenunua hakumtisha wala hakumdanganya. Alitaja bei, muuzaji akakubali, wakashikana mikono. Je, kuna dhambi hapo?

Tusikimbilie kuhukumu. Sehemu ya upungufu ule ilikuwa ya haki. Gari ilikuwa na namba za Kongo, ilihitaji kulipiwa ushuru na kutafutiwa karatasi, na mafuta yenyewe Bujumbura yalikuwa ya kusaka. Mnunuzi yeyote angeyahesabu hayo, hata kama anamnunulia tajiri. Huo ni upungufu wa gari.

Lakini kuna upungufu mwingine, ule wa mtu: watoto wana njaa, kodi ya chumba inadaiwa, hamjui yeyote. Hayo hayapo kwenye injini. Ukiniuliza mpaka uko wapi, nitasema hivi: jiulize ungemtajia bei gani mtu huyohuyo kama angekuwa na mwezi mzima wa kutafuta mnunuzi mwingine. Tofauti kati ya bei hiyo na ile uliyompa haikutoka kwenye gari. Umeichukua kwenye vita.

Fundi mmoja, mzee ninayemheshimu, alinijibu: "Kijana, nisingenunua mimi, angelala njaa." Ni kweli, mzee wangu. Tendo moja linaweza kuwa msaada na unyonyaji kwa pamoja, na msaada haufuti ule mwingine. Mwenye pesa ana njia ya tatu: achukue gari kwa rehani. Ampe pesa leo, waandikiane mbele ya mashahidi, amwachie miezi sita arudishe pesa achukue gari yake. Akishindwa, gari ibaki. Mwenye pesa hapotezi kitu, na mwenzake anapata muda.

Na tusiwanyoshee kidole wenyeji tu. Kambini, familia ikipata safari ya kwenda Kanada, inauza kitanda, cherehani, masufuria. Majirani wanafanya nini? Wanapita, wanaangalia, wanasema "tutaona." Usiku wa mwisho ndipo wanarudi na bei ya kutupa, maana wanajua cherehani haipandi ndege. Ni wakimbizi kwa wakimbizi. Hatuna pesa ya kununua Probox, lakini kipimo ni kilekile.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, naomba mlisikie hili pia. Mkihesabu msaada wa pesa kwa mtu aliyefika jana, mnahesabu unga, maharagwe, sabuni. Hesabuni na siku anazoweza kukaa bila kuuza kitu chake cha mwisho. Msaada ukichelewa wiki tatu, utakuta pikipiki imeshaenda, na mtu ambaye angejitegemea kwa kubeba abiria sasa yuko kwenye orodha yenu.

Yule baba leo ni dereva wa gari ya mtu mwingine. Faranga imeendelea kushuka, na ile Probox, kama nijuavyo soko letu, imepanda bei tena. Faida hiyo ni ya aliyeweza kungoja.