Hazina Iliyofichwa Ardhini



Katika Injili ya Mtakatifu Mathayo, sura ya 13, Bwana wetu Yesu Kristo anasimulia habari za mtu aliyekuta hazina katika shamba lisilo lake. Alifurahi mno, hata akauza kila alicho nacho apate kulinunua shamba lile. Hazina hiyo ni mfano wa Ufalme wa mbinguni.

Pengine mtauliza: Ni nani afukiaye mali yake na kuiacha? Kando ya kisiwa cha Pemba, katika Bahari ya Hindi, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Mtambwe Mkuu. Mwaka 1984 wataalamu waliochimba huko walikuta sarafu zaidi ya 2,000, karibu zote za fedha, na chache za dhahabu. Zilikuwa zimelala udongoni tangu karne ya 11. Aliyezificha bila shaka alikusudia kurudi. Hakurudi.

Wala hatuna haja ya kuvuka nchi hadi baharini. Hapa kwetu Katanga, huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, makaburi ya kale yalifunuliwa mwaka 1957 na 1958, na tena mwaka 1974. Mlikuwamo vyungu vizuri, vyombo vya chuma na ushanga. Na katika makaburi ya tangu yapata mwaka 1300, misalaba ya shaba. Wazee wetu waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuru, wakavukuta moto, wakamimina shaba katika kalibu. Misalaba hiyo ilikuwa mali yao, nayo ilitumika kama fedha. Mingine ilikutwa mikononi mwa wafu.

Msidhani kwamba wazee wale walikwisha kusikia habari za Kalvari. La, umbo ni moja, maana ni mbali. Hata hivyo mimi siwadharau. Aliyemtilia marehemu wake shaba mkononi alimpenda, naye, naona, hakukubali kwamba kaburi ndio mwisho. Lakini mikono ile imekuwa mifupa, na shaba iko palepale, imeota kutu ya kijani.

Ninyi mtatiwa msalaba katika paji la uso, mkingali hai, ili muubebe. Nao una bei. Wengi waitaka hazina, ila hawataki kuuza kitu. Mtu huja mafundishoni miaka miwili, ajua sala zote, na huku chini ya kizingiti cha nyumba yake imefukiwa dawa ya kuzuia wachawi. Nayo ni hazina iliyofichwa! (Sisemi juu ya mizizi na majani ya kuponya tumbo, hayo ameyaumba Mungu.) Ukimwuliza, ajibu: Padre, nikiitoa, mtoto akiugua, ndugu zangu watasema nimemwua mimi.

Hofu hiyo si ya kuchekwa. Mtoto akiugua, mpelekeni katika zahanati upesi, nasi Wakristo wote tutamwombea pamoja nanyi. Lakini huwezi kumkabidhi Kristo nyumba na kumwachia mwingine mlango.

Mwanzoni mwa Kwaresima majina ya watakaobatizwa Pasaka yataandikwa. Kabla ya siku hiyo, aliye na kitu chini ya kizingiti akichimbue mchana, mkewe na watoto wakiona. Anayeogopa kuchimba peke yake amwite katekista. Atakuja na jembe lake.